Cherehani Iliyonusurika Mafuriko

Jumatatu, 6 Mei
Maji yametoka nyumbani kwetu. Bado tumebanana kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye amenunua buti za mpira na sasa anaongea kama waziri. Kasema asiingie mtu mle kabla fundi umeme hajapita. Mke wangu akamtazama kwa heshima. Heshima ile! Mimi hajanitazama hivyo tangu tuoane. Basi nitatangulia mimi.

Jumanne, 7 Mei
Nimetangulia. Na kandambili. Tope la sebuleni likameza ya kushoto, nikakanyaga kioo cha kabati. Shemeji akanikuta nimekaa juu ya meza, mguu juu, damu chururu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Cherehani ya mke wangu ipo! Ni ya umeme, na ndiyo inayotulisha wote, mimi nikiwemo. Mwenyewe alipoiona ina tope hadi kwenye sindano alilia, akaifuta kwa upindo wa gauni lake.

Jumatano, 8 Mei
Fundi umeme kaja. Kazima swichi kuu, kaibandika utepe mwekundu. Eti soketi bado zina maji ndani ya ukuta. Cherehani itapona, kasema, ila lazima aje Ijumaa na vifaa vyake, afungue mota na kuikausha. Akasisitiza asiiwashe mtu yeyote. Kwa nini alinikazia macho mimi? Mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. Akamshukuru fundi, akamshukuru na shemeji. Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Alhamisi, 9 Mei
Mke wangu na shemeji wamekwenda kufua mapazia. Nimejitolea kulinda nyumba. Nikaifuta cherehani, nikaipuliza, nikaianika juani mpaka ikang'aa. Nikaipapasa kila mahali. Kavu kabisa. Nikamwona mke wangu akilini, anafika mlangoni, anaisikia inanguruma, anamsahau shemeji na buti zake. Nikabandua utepe. Nikawasha.

Ilinguruma. Kidogo. Kisha pah! Cheche, moshi, na mimi chali kwenye tope.

Mke wangu alirudi akaukuta moshi. Aliifunika cherehani kwa shuka, taratibu, kama anavyowafunika watoto wakilala. Laiti angenitukana.

Ijumaa, 10 Mei
Fundi kafungua mota. Imeungua, haifai tena. Kasema ingesubiri hadi leo tu, ingekuwa inashona. Shemeji akatazama pembeni. Nami nikatazama pembeni, upande wa pili, lakini huko alikuwepo mke wangu. Moyo umeniuma kwelikweli.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu anashona sare za shule kwa mkono, dirishani penye mwanga. Vidole vimejaa matundu. Nimemwomba radhi, kaniambia nimshikie uzi. Nimeushika asubuhi nzima. Najuta mimi! Nimeapa sitagusa tena cherehani ya mtu.

Sasa hivi ametoka kwenda kuteka maji, jua linawaka. Fundi amerudisha umeme sebuleni tu. Swichi ya jikoni ameizungushia utepe mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza. Lakini mke wangu akirudi na kiu yake akapokewa na maji baridi, si atanisamehe? Na friji si cherehani. Friji imezoea maji na baridi tangu kiwandani. Nimeipapasa kila mahali. Kavu kabisa.