Skrini Mpya ya Kisima, Isinya

Mheshimiwa mimi mwenyewe, waheshimiwa wengine kama wapo, machifu, mapasta, dereva Kimeu aliyenyunyizia barabara nusu ya lori la maji ili vumbi lisinishike, na wewe nyanya yetu, Koko Nalotuesha, na ng'ombe wako kumi na tisa mliofika tangu alfajiri, sopa!

(Tunaitikia kwa Kimaasai, ipa. Ng'ombe hawaitikii. Wako na kiu ya siku tatu.)

Mimi, Gitonga, Mkurugenzi wa Maji Dijitali, baada ya wekshopu saba na chai yake, nazindua skrini hii ya kuendesha pampu, ambayo ni ya kisasa kwa asilimia mia na kumi. Hiki cha juu ni kitufe cha Menyu; ukikibonyeza kinafungua orodha, kwenye orodha unachagua Pampu, Pampu inakuuliza Kuwasha ama Kuzima, na ukisema Kuwasha inakuuliza kama una uhakika, kwa maana idara yangu haiwezi kumpa maji mtu asiye na uhakika. Ukipotea, bonyeza Rudi. Kitufe kikiwa cha kijivu hakibonyezeki, kinangojea idhini, na idhini ni mimi.

(Makofi. Caro, mmoja wetu, anauliza mbona vitufe vyote ni vya kijivu. Anaambiwa akae.)

Swali zuri, litaundiwa kamati. Sasa Koko aibariki skrini, halafu ng'ombe wake wanywe wa kwanza.

(Koko anaitemea mate, tfu, vile tunabariki kitu tunakipenda. Menyu inajikunja kama sikio la mbuzi. Kuwasha inateremka chini, wino mtupu.)

Msishtuke, hiyo inaitwa apdeti.

(Caro anavuta pembe moja. Karatasi inabanduka yote. Nyuma ni bati, na nyuma ya bati ni uwanja usio na hata tundu la panya. Koko anamwangalia mkurugenzi kwa huruma. "Gitonga mtoto wangu, hapa chini umechimba?" Tunacheka mpaka tunashikana mabega.)

Semeni na mimi: Menyu kwanza, maji baadaye! Bonyeza, Kajiado, bonyeza! Namshukuru Felix wa Kitengela kwa kuchapisha picha ya skrini ya kweli, ya wenyewe kule Illasit. Nawashukuru mafundi ambao hawajaandikwa, mashine ya kuchimba ambayo haijaagizwa, na maji yetu ambayo yako huko chini salama, hayajasumbuliwa na mtu. Na Koko, nakuomba kwa heshima, hao ng'ombe walio kwa lori langu la maji, waambie wabonyeze Rudi.

(Kimeu ameshamwonyesha Koko koki ya lori. Unazungusha tu. Haikuulizi kama una uhakika.)