Kasoro ya Pikipiki Ambayo Muuzaji Hakuitaja

Karurumo, Embu
Jumamosi, baada ya mvua

Kwa Ndugu Runji,
Doha, Qatar.

YAH: KASORO YA PIKIPIKI ULIYONIUZIA, YAANI MAMA YAKO

Ndugu Runji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kama u mzima basi huna kisingizio. Naiandika kwa kalamu, kisha nitaipiga picha na kukutumia kwa simu, maana nikipiga hupokei. Mimi ni Saidi Mghenyi, yule Mtanzania fundi wa mashine za kukamua alizeti, uliyemuuzia pikipiki yako nyekundu wiki ile uliyosafiri. Nakukumbusha kwa sababu mtu akishapokea pesa husahau sura.

Nilikuja Kenya nikiwa sijui mtu. Kazi yangu ni kuwazungukia wakulima na mashine zao, na pikipiki niliinunua kwa nia moja tu: nisimwombe mtu lifti, na mtu asiniombe mimi. Napenda kuishi kimya. Kabla ya kununua nilikagua mnyororo, breki, tairi na taa, nikawasha injini ikiwa baridi kama mtu mwenye akili anavyotakiwa kufanya. Siwezi kusema niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kasoro yenyewe ilikuwa imeketi mbele yangu kwenye kigoda, ikinimiminia chai.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mama yako yumo kwenye pikipiki. Jumapili ya kwanza nilitoka nje na mswaki mdomoni, nikamkuta ameketi kiti cha nyuma, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, mkoba mapajani, anangoja. Pikipiki ilikuwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba chombo hiki kimeshauzwa. Akanitazama kama mtoto aliyekataa uji, akasema: "Mimi sijui mambo ya kuuza. Mimi najua kiti yangu." Nikampeleka. Ulitaka nimshushe kama gunia la viazi? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hizo siku mbili sikuzipata.

2. Mimi ni Mwislamu, na nilimwambia. Akasema Mungu hajamkataza mtu kungoja nje. Nikangoja nje, mvua ikanyesha, nikaingizwa ndani na kukalishwa mbele pamoja na wageni, na mchungaji akaniombea mimi na breki zangu. Sasa wanaume wa kwaya wananiuliza naimba sauti ya ngapi. Ijumaa, nikidhani nimepona, nilimkuta tena kitini: "Leo ni siku yako. Twende." Alikaa nje ya msikiti mjini Embu na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akiwasalimia waumini mmoja mmoja na kuwauliza wana watoto wangapi. Mzee Mahamed, muuza tairi, aliniuliza kama yule mama ni wangu. Nilimjibu kwamba ni wa pikipiki. Akanionya niache kumdharau mzazi.

3. Kadi ya pikipiki bado ina jina lako. Uliniambia ukifika tu utamaliza mambo yote kwa simu, na kufika umefika. Polisi wakinisimamisha, mama yako ndiye anayejibu kutoka nyuma: "Hii ni ya mtoto yangu, na huyu pia ni mtoto yangu." Nasi tunapita. Kwa maneno mengine, naendesha mali yangu kwa ruhusa ya abiria.

4. Hili ndilo zito. Siku ya mauziano mama yako aliongea kwa muda mrefu kwa Kiembu, huku ameninyooshea kidole. Nilikuuliza anasema nini, ukaniambia, "Anakutakia safari njema." Nikashukuru, nikaitikia kwa kichwa, nikamaliza kikombe. Juzi binamu yako Mugendi alinitafsiria vizuri. Mama alikuwa ameuliza ni nani atakayempeleka kanisani na kliniki ya presha ukishaondoka, na wewe ukamjibu, "Huyu." Kisha akaniuliza mimi kama nimekubali. Mbele ya mashahidi, na chai yake ikiwa tumboni mwangu, nikakubali. Ndugu Runji, nimewahi kudanganywa kwetu Singida na watu wanaoijua kazi hiyo, lakini hakuna hata mmoja aliyenifanya nimshukuru.

5. Ananilisha. Anakuja na chupa ya chai, mukimo, yaani viazi vilivyopondwa na mahindi, na nduma ambazo kwetu ni magimbi. Nikisema nimeshakula ananijibu kwamba hata Runji alikuwa anasema hivyo hivyo na tumbo tupu. Suruali zangu hazifungi.

6. Anaongea njia nzima, mgongoni mwangu. Ng'ombe amezaa, paa la jikoni linavuja, presha imepanda na kushuka, na Njoki wa jirani, yule uliyekuwa ukimzungushazungusha, ameolewa na mtu wa Chuka. Mwanzoni nilidhani ananipa habari mimi. Kumbe ananipa nikufikishie wewe, kwa kuwa anaamini kwamba mwenye pikipiki yako hawezi kukosa habari zako. Ananiuliza unakula nini huko na kama joto linakuacha ulale, nami namjibu. Nimeshamwambia kwamba mnakula wali na mbuzi, na kwamba chumba chako kina feni. Mimi nitajuaje kama una feni? Nimechoka kukutungia maisha, Runji, na inaniuma kwamba wewe mwenyewe unaweza kuyasimulia kwa dakika chache na husimulii. Wiki iliyopita, kwenye mteremko wa kutoka Runyenjes, alishika koti langu kwa nguvu akaniita kwa jina lako. Nikaitika.

Kwa sababu hizo zote, nadai uichukue pikipiki yako. Mugendi aje kesho Jumapili na pesa zangu, aondoke nayo pamoja na kasoro yake. Mimi nitatafuta nyingine huko Meru, na safari hii nitanunua kwa muuzaji yatima.

Nisalimie Wakenya wote ulio nao huko, na Watanzania pia ukiwaona, na bosi wako kama ni mtu wa kusalimiwa. Mama yako nitamsalimia mimi, kama kawaida.

Wako katika kudai haki,

Saidi Mghenyi
(mwenye pikipiki, kwa kiasi fulani)

Tanbihi, Jumapili jioni:

Kurasa za juu nilikutumia jana usiku, na naona ulizisoma, maana Mugendi alikuja asubuhi na pesa zote, kama nilivyodai. Mama yako alikuwa ameshakaa. Alikuwa amekuja na vitambaa viwili vya kufunika kiti alivyoshona mwenyewe, kimoja chake na kimoja changu, kwa sababu niliwahi kumlalamikia mgongo. Akamuuliza Mugendi, "Na wewe unaenda wapi na kiti yangu?" Mugendi akanitazama mimi. Nikamwambia arudi na pesa zake, injini imekufa. Kisha nikaiwasha, maana tulikuwa tumeshachelewa kanisani.

Kwa hiyo pikipiki haiuzwi. Ile kadi nayo usiibadilishe kwanza. Nahofia jina lako likitoka, mama ataona umeondoka kweli. Ukija likizo nitakupokea mwenyewe, ila utakaa nyuma yake, na kama tutakuwa mshikaki wa watu watatu, mama ndiye atakayeongea na polisi.

Nakuomba jambo moja tu. Mpigie simu. Piga jioni, akiwa ameshashuka, kwa sababu barabarani hasikii. Atakuuliza kuhusu feni. Nimeshamwambia ipo, usiniangushe.