Maoni Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Mke wangu! Naandika tena, daftari ni langu: mke wangu. Asubuhi amepiga mswaki huku akihesabu kitu kwa vidole. Sijawahi kuona mtu akipiga mswaki vizuri namna ile.

Tunafanya kazi jengo moja. Yeye ni mhandisi wa programu, ghorofa ya pili. Mimi ni mtunza stoo, chini kabisa: kibodi, vipanya, viti, waya, wino wa printa, na funguo zote. Kwenda kumsalimia ni ngazi thelathini na nne. Leo nimepanda mara sita. Mkurugenzi akauliza kama stoo imehamia juu.

Lakini habari mbaya! Hospitali kubwa inataka programu ya kusoma na kuandika faili za mtandao. Wahandisi wawili wametengeneza, kila mmoja yake: mke wangu, na jirani yake wa meza tunayemwita Miwani. Ijumaa zitajaribiwa mbele ya fundi mkuu wa hospitali. Atakayeshinda anabaki hapa. Atakayeshindwa anahamishiwa tawi la mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Mwaka mzima! Na sisi hata zawadi za harusi hatujamaliza kufungua.

Miwani huniita shemeji. Leo amenikuta kwenye ngazi, akaniambia shemeji, anza kuzoea kujipikia. Akacheka mwenyewe. Nimeapa kimoyomoyo: mke wangu haendi popote. Nitamsaidia kwa siri.

Jioni nikamwomba anieleze hizo faili. Akasema habari kwenye mtandao haisafiri nzima, inakatwa vipande, na kila kipande kinaitwa pakiti. Kuna programu inayokaa kwenye waya na kunakili kila pakiti inayopita, pamoja na saa yake, ndani ya faili. Mtandao ukigoma, fundi anafungua faili kuona ulikwama wapi. Faili zenyewe ni za aina mbili. Za zamani ni kama foleni, pakiti nyuma ya pakiti. Za kisasa zimegawanywa vyumba, na kila chumba kinataja urefu wake mara mbili, mwanzoni na tena mwishoni, ili hata anayesoma kwa kurudi nyuma asipotee.

Mara mbili! Kama ninavyomwambia nampenda nikitoka na tena nikirudi! Machozi yakanilenga. Akaniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Jina la mapenzi la leo: Kandili Yangu. Amelikataa.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango wa kwanza. Usafi!

Saa ya chakula mke wangu alishuka kununua maji. Nikakaa kwenye kiti chake (bado kina joto lake!) nikafungua faili yake ya majaribio kwa programu ya kuandikia barua. Masikini, faili ilikuwa chafu! Mwanzoni kabisa herufi nne zisizosomeka: O yenye kofia, kisha mkia, kisha kitu kama mdudu aliyekanyagwa. Nani anapokea wageni na uchafu mlangoni? Nikazifuta zote nne. Nikahifadhi. Nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Saa nane juu kukawa na kelele. Programu ya mke wangu ilijaribu kuisoma faili ikaanguka chali. Alipochunguza, akaona zile baiti nne za mwanzo hazipo. Kumbe ndizo alama ya faili! Ndizo zinazomwambia msomaji hii ni faili ya aina gani, na tarakimu zake zisomwe kuanzia upande upi. Bila hizo ni mtu aliyeshushwa usiku mji asioujua.

Akauliza ni nani aliyegusa kompyuta yake. Miwani akasema si yeye. Mimi nikasema huenda ni umeme. Mke wangu akanitazama muda mrefu kuliko mapenzi yanavyohitaji.

Bahati nzuri alikuwa na nakala. Bahati nzuri zaidi, hasira zilimfanya aiongezee programu yake adabu. Sasa ikikuta faili mbovu haianguki. Inasema: "Mwanzo wa faili hii umeharibika. Sitabahatisha." Kwa hiyo nimemsaidia. Nimeandika hivyo ili isisahaulike.

Jina la leo: Mto Wangu wa Kulalia. Akasema nikimwita hivyo mbele ya watu atarudi kwao.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kama haiwezekani kumsukuma mke wangu mbele, basi adui avutwe nyuma! Mpango wa pili.

Mtunza stoo ana mamlaka ambayo watu hawayaoni. Nina kibodi moja ambayo kitufe chake cha nafasi kinanasa. Ukikigusa mara moja, kinatoa nafasi arobaini. Saa mbili na nusu nikampelekea Miwani kwa heshima zote, nikamwambia ile yake inatakiwa kwenye ukaguzi. Akasema ahsante shemeji, kumbe una roho nzuri. Kidogo nijihisi vibaya. Kidogo tu.

Saa nne nikapanda kuchungulia. Miwani anaandika kwa raha, anatikisa kichwa kama anasikiliza muziki. Kibodi safi! Ya nani? Ya mke wangu! Alimwona jamaa anahangaika, akamhurumia, wakabadilishana. Mke wangu ana moyo wa dhahabu, na moyo huo utatuua.

Nikakimbia stoo, nikarudi na kibodi mpya ndani ya boksi. Mkurugenzi akanisimamisha kwenye ngazi, akauliza fomu iko wapi. Fomu ya vifaa vipya inataka sahihi tatu na inachukua siku mbili. Niliitunga mwenyewe mwaka jana. Akanisifu kwamba ni fomu nzuri sana, akarudisha boksi stoo kwa mkono wake.

Mke wangu ameandika siku nzima na kibodi yenye kwikwi. Jioni aliking'oa kitufe, akakisafisha kwa pamba na spiriti, kikapona. Vidole vile! Akasema jambo la ajabu, chini ya kitufe kulikuwa na gundi, na gundi hiyo inapatikana stoo peke yake. Nikasema dunia ina mengi.

Mama mkwe akapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia binti yake ni nyota. Akasema anajua, anachouliza ni kama anakula.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Kesho ndiyo kesho. Mke wangu hakumaliza chai. Usiku alisema usingizini, tusitengane, kisha akataja tarakimu nane. Moyo wangu!

Mchana akashuka stoo kupumzika, akaweka programu yake kwenye kompyuta yangu ili anionyeshe anachojivunia. Faili za kisasa zinaruhusu kila pakiti kubandikwa maoni. Fundi anaweza kuandika kwamba hapa ndipo palipoharibika, na maneno yake yanakaa humo humo ndani ya faili, yanasafiri nayo. Faili za zamani hazina nafasi hiyo. Nikamwuliza kama mtu anaweza kuandika chochote. Akasema chochote. Akaenda. Akaniacha na neno hilo!

Saa tisa Mkurugenzi akaja na flashi ya hospitali yenye faili za mtihani. Akasema isiguswe na Miwani wala na mke wangu mpaka kesho, kwa hiyo itakaa kwenye kabati la stoo, na ufunguo abaki nao mtu mwaminifu. Akanipa mimi.

Nilikaa naitazama flashi dakika kumi. Kisha nikawaza: mke wangu kesho atasimama mbele ya wakubwa, peke yake. Je, kama katikati ya mtihani angekutana na neno moja la mumewe? La kumtia nguvu? Atakayeliona ni yeye tu, maana maoni hayaonekani mpaka uyafungue, na nani mwingine atafungua maoni?

Nikachukua faili kubwa. Pakiti ya kwanza nikaandika: "Mke wangu, usiogope." Ya pili: "Shingo yako." Ya tatu nikaeleza kuhusu shingo. Mkono ukachanganya! Nilipoangalia saa ilikuwa kumi na moja na nusu na nimeshaandika maoni mia mbili na kumi na nne. Nilipoishiwa sifa zake nikaandika ya jumla, kwamba Miwani ananuka kitunguu tangu Machi, na kwamba Mkurugenzi akicheka anasikika kama pampu ya baiskeli. Ni ya faragha. Ni ya mume na mke.

Nikafunga kabati. Mtu mwaminifu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Ukumbi wa mikutano. Skrini kubwa kama mlango wa gereji. Mkurugenzi, fundi mkuu wa hospitali (mama mnene, mpole, kalamu tatu mfukoni), Miwani kwa shati jipya, mke wangu kwa gauni la bluu. Mimi nililetwa kwa sababu ya flashi, nikabaki kwa sababu ya gauni.

Faili ya kwanza ilikuwa mbovu makusudi, imekatwa mwanzo. Programu ya Miwani ikaanguka chali. Ya mke wangu ikasema haitabahatisha. Fundi mkuu akaandika kitu. Nani aliyeifundisha adabu ile? Nilikaribia kusimama.

Faili ya pili, ile kubwa. Kazi: isome, iandike upya, na isipoteze kitu. Miwani akabonyeza. Sekunde mbili, imekwisha! Mkurugenzi akapiga makofi. Miwani akanikonyeza, midomo yake ikasema "shemeji". Niliona basi. Niliona birika zetu tatu za harusi na mtu mmoja wa kunywa chai.

Zamu ya mke wangu. Akabonyeza. Sekunde tano. Skrini ikaandika: "Pakiti zote zimesomwa. Maoni 223 yamehifadhiwa. Haya hapa."

Haya hapa! Hakuwahi kuniambia kwamba inayaonyesha yenyewe!

Fundi mkuu akavaa miwani ya kusomea. Akasoma kwa sauti, kwa utaratibu, kama anasoma majina ya wagonjwa. Pakiti ya thelathini na tisa: mke wangu, ukipiga mswaki dunia inasimama. Pakiti ya arobaini: hapa mashine ya kupiga picha za mifupa hukatika. Pakiti ya arobaini na moja: shingo yako tena.

Mke wangu alikuwa na rangi ya jamvi jipya. Miwani alifikiwa kwenye pakiti ya mia moja na tisini, akanusa kola yake. Kisha Mkurugenzi akaomba asome moja mwenyewe, maana aliona cheo chake. Akasoma mpaka kwenye pampu ya baiskeli. Fundi mkuu akaangua kicheko. Mkurugenzi naye akashindwa kujizuia, akacheka, na watu wote wakasikia kwamba sikusema uongo.

Fundi mkuu alipofuta machozi akasema hivi. Maoni tisa ni ya mafundi wake, ndiyo aliyoyaweka kama mtego. Hayo mia mbili na kumi na nne hajui ni ya mwendawazimu gani. Lakini programu ya huyu binti haikudondosha hata moja, la kwake wala la mwendawazimu. Akamgeukia Miwani akamwuliza maoni yake tisa yako wapi. Miwani akatafuta. Hakuna hata moja! Programu yake ilikuwa imeandika faili ya aina ya zamani, isiyo na nafasi ya maoni, ikayatupa yote bila hata kusema samahani.

Mke wangu ameshinda! Anabaki! Nikamkumbatia kabla hajakubali.

Hapo Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ya chini, ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nani.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nafungasha. Mkurugenzi amesema tawi la mbali linahitaji mtu, na hakuna palipoandikwa kwamba mtu huyo lazima awe mhandisi. Kule kuna stoo. Basi linaondoka kesho asubuhi. Mwaka mmoja. Miwani anabaki, atafundishwa na mke wangu, meza kwa meza. Amekuja kuniaga. Ameoga. Ameniambia shemeji, usijali, nitahakikisha anakula.

Mke wangu alinuna jana kutwa. Leo amekunja mashati yangu yote, polepole, mengine mara mbili. Akasema, we bwana, mia mbili na kumi na nne ni mengi. Kisha akasema ya themanini na nane haikuwa mbaya. Kisha akalia, nami nikalia, tukakaa juu ya sanduku mpaka likajifunga lenyewe.

Akanitaka niape. Nikaapa, mkono kifuani, kwamba sitagusa tena faili yoyote, ya zamani wala ya kisasa, maisha yangu yote. Akanibusu. Jina la leo, Pakiti Yangu, amelikubali!

Nimetubu kabisa. Nimekuwa mtu mpya.

Ila nimekaa hapa nikawaza. Kule tawini mtandao wote unapita kwenye waya mmoja mkuu, na waya huo unaingilia stoo. Ukichomoka kwa bahati mbaya, makao makuu yatalazimika kutuma mhandisi aje kuchunguza. Watamtuma aliye bora. Aliye bora ni nani? Mke wangu! Ukichomoka kila wiki, atakuja kila wiki.

Nimeapa kutogusa faili. Waya si faili.

Nimeweka koleo ndogo ya waya chini ya mashati.