Bingwa, Tafadhali Staafu Mama Mkwe Arudi Kwake

Kwa Mheshimiwa Bingwa wa Tenisi,
Mshindi wa Mashindano Makubwa Manne, ya nyasi, ya udongo na yale mawili ya sakafu ngumu,
Popote Ulipo na Goti Lako.

Mheshimiwa Bingwa,

YAH: OMBI LA KUSTAAFU KWAKO, NA SAFARI HII IWE KWELI

Habari za mazoezi? Mimi ni kinyozi. Nina saluni ya wanaume yenye kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, benchi la watu wanne na televisheni juu ya rafu ya mafuta ya nywele. Wewe hunijui, ila mimi nakujua kuliko ninavyowajua ndugu zangu wa tumbo moja. Najua umri wako ni miaka thelathini na tisa. Najua goti lako la kulia limepasuliwa mara mbili, na kwamba ukizidiwa unavuta soksi ya kushoto. Sikuomba kuyajua hayo.

Nakuandikia kwa heshima zote na meno yakiwa yameumana. Mwaka jana, baada ya kumzika baba mkwe, mama mkwe wangu alikuja kwetu kupumzika wiki mbili. Wiki zikawa miezi, na miezi yote hiyo alikuwa na maneno mawili tu. Umeamkaje, mama? Sawa tu. Utakula nini? Sawa tu. Mke wangu akaona mama asishinde ndani akiangalia ukuta, bora akakae saluni aone watu. Nikakubali, mjinga mimi. Siku hiyo rimoti ilikuwa imepotea, televisheni imeng'ang'ania tenisi, na wewe ukaanguka uwanjani umeshika goti. Mama akasimama kwenye benchi, akapiga kelele kwamba jamani, mtoto wa watu ataumia! Tangu saa ile hajanyamaza.

Tulifurahi, usinielewe vibaya. Tulifurahi siku tatu nzima. Ya nne nikauliza, kwa adabu na kupitia kwa mke wangu, kwamba mama anafikiria kurudi kwake lini. Jibu likaja kwamba ataondoka mwanawe akimaliza kucheza. Mwanawe ni wewe. Mimi niliyemwoa binti yake miaka kumi na minne iliyopita naitwa "wewe kinyozi".

Tangu hapo umeshaaga tenisi mara tatu, na mara zote tatu nimembebea mama begi hadi mlangoni. Mara zote tatu umebadili mawazo, nikalirudisha. Na kwa kuwa mkwe ni mkwe, siwezi kumpandishia sauti, nimeona nikupandishie wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukimya. Mwamuzi wenu akiomba watu watulie mchezaji aanzishe mpira, mama anatekeleza agizo hilo saluni kwangu. Mashine ya kunyolea hairuhusiwi kuwaka mpira ukiwa unachezwa. Kwa hiyo nanyoa katikati ya pointi na pointi, sekunde ishirini na tano, nazima, nasubiri, nawasha tena. Kichwa kilichokuwa kinanichukua dakika ishirini sasa kinachukua seti mbili. Wiki iliyopita dereva wa lori alitoka mbio kuwahi mzigo akiwa amenyolewa upande mmoja, kwa sababu wewe na mwenzako mlikataa kumalizana. Mtu akitaka kunisimulia habari za nyumbani kwake, ambayo ndiyo kazi ya saluni tangu saluni ziwepo, anaambiwa shhh.

2. Foleni. Zamani aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kunyolewa. Mama akasikia kwamba kwenye mashindano makubwa wachezaji wazuri hupangiwa namba, naye akawapangia wateja wangu namba. Anayekushabikia wewe anakaa juu. Fundi viatu ni namba moja, hata akija saa kumi jioni. Muuza nyama alitamka siku moja, tena kwa sauti ndogo, kwamba yule mpinzani wako kijana, wa kofia, ana kasi kukushinda. Sasa huyo ndiye wa mwisho, na nywele zake zimefika mabegani.

3. Rufaa. Hapa ndipo nilipotaka kulia, Mheshimiwa. Kwenu mchezaji akiona mpira umeonewa, kwamba uligusa mstari na wakasema umetoka, ana haki ya kukata rufaa mara tatu. Sasa wateja wangu nao wana rufaa tatu kila mmoja, kuhusu mstari wa nywele kwenye paji la uso. Mteja ananyoosha kidole, mama anashuka kwenye benchi na futi ya kushonea aliyoazima kwa fundi cherehani, anapima kutoka nyusi ya kulia, anapima kutoka nyusi ya kushoto, anatangaza. Miaka kumi na tisa nanyoa vichwa vya watu na hakuna aliyewahi kunipima. Mwezi huu nimepoteza rufaa kumi na moja. Zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na wateja wakiingia wanasoma kwanza, ndipo wananisalimia.

4. Bwana harusi. Alikuja asubuhi ya siku yake, suti iko kwenye gari. Nilikuwa nyuma ya sikio pale ulipookoa pointi ya mwisho kwa mpira wa kuruka. Yeye naye akaruka. Mashine ikapanda hadi utosini. Ilibidi nimnyoe chote, hakukuwa na namna nyingine. Bibi harusi alinipigia simu, na maneno aliyoniambia hayawezi kuandikwa kwenye barua ya heshima kama hii. Mama yeye alisema pointi ile ilistahili.

5. Dua. Mtoto wangu wa mwisho akiombea chakula humalizia na goti lako. La kulia, anataja kabisa, lisije likaponywa la kushoto kwa makosa. Mimi husimama kutwa, miguu inavimba hadi viatu vinakataa kutoka, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuitaja mbele za Mungu.

Kutokana na hayo, naomba ustaafu. Usiache mlango wazi, usiseme utaona mwili utakavyosema. Mwili umeshasema, hata mimi nausikia kutoka huku. Toa raketi zako, gawa viatu, nunua kiti kizuri ukalie. Ukishindwa kustaafu basi angalau fungwa mzunguko wa kwanza, tena haraka, kabla ya saa nne asubuhi ninapoanza kupata wateja. Kwa upande wangu nitakunyoa bure maisha yako yote, bila rufaa.

Ninataka saluni yangu, Bingwa. Ninataka watu waniongopee kuhusu wake zao huku mashine inalia, kama zamani. Je, hilo ni kubwa kwa mtu ambaye makombe yake yamejaa kabati?

Nifikishie salamu kwa mkeo, watoto, kocha, yule bwana anayekukanda misuli, mwamuzi mwenye shingo ndefu, na goti lenyewe. Mke wangu anakusalimu. Mama hajui kama naandika.

Mimi, ninayekusubiri utoke,
Kinyozi wa Kiti Kimoja.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni, inasubiri stempu, uliposimama leo mchana mbele ya vipaza sauti ukalia, ukasema basi. Safari hii hata mimi nilikuamini. Mama aliitafuta rimoti, akazima televisheni yeye mwenyewe. Nikamnyoa muuza nyama kwa dakika kumi na tano bila kusimama, mstari umenyooka, na hakuna aliyekata rufaa. Nilimwomba mama apime, akasema haina haja. Begi lake liko mlangoni, amelibeba mwenyewe. Nikamuuliza, mama, unaionaje hii ya mwanao kuacha? Akasema sawa tu.

Bingwa, yote niliyoandika hapo juu nayafuta, kuanzia la kwanza hadi la tano. Rudi. Ukishindwa kukimbia, nasikia kuna mechi za wawili wawili, ambapo mwenzako anaweza kukukimbilia. Wewe simama tu pale karibu na wavu, mama akuone.