Msumari Mmoja, Paa Zima

Kwa Mheshimiwa Mjomba, ambaye pia ni Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Huku kwenye chumba cha cherehani sote tu wazima, isipokuwa dari.

Nimepokea notisi yako ya kunitaka nihame ndani ya siku saba kwa kosa la kupigilia msumari ukutani. Kosa nalikiri. Naomba tu makosa yetu yapimwe kwa mzani mmoja.

1. Jumatatu mvua iliingia kupitia paa lako kama mgeni aliyealikwa. Bibi harusi alikuwa amesimama juu ya stuli akijaribu gauni. Kipande cha dari kikamwangukia begani, naye akatoka mbio hadi barabarani na pini zangu zote mgongoni. Nilipokuletea habari ulisema, "Pole, mpwa wangu. Soma kipengele cha nne cha mkataba." Nikasoma: paa likivuja, mwenye nyumba atatoa pole. Kweli, ulikuwa umeshaitoa.

2. Jumanne nikapigilia huo msumari ili nitundike turubai, cherehani isilowe. Kipengele cha tano: mpangaji akitoboa ukuta, aondoke. Basi paa zima ni pole, msumari mmoja ni kufukuzwa. Nauliza kwa adabu: ningebomoa ukuta wote, ungeninyonga?

3. Mimi nikitaka kuhama, nitoe taarifa miezi mitatu kabla. Wewe ukitaka nihame, unagonga dirisha. Mama anasema damu ni nzito kuliko maji. Hajayaona maji ya chumba hiki.

4. Kwa kuwa mkataba ni wa watu wawili, na mkuki kwa nguruwe mtamu, nami nakupa notisi: kwa kosa la paa, uhame nyumbani kwako ndani ya siku saba. Kwa kipimo cha msumari ulistahili kuhama nchi, ila nimekuhurumia kwa kuwa umenyonya ziwa moja na mama. Mkaza mjomba anaweza kubaki, yeye hakusaini.

Nangoja jibu lako nikiwa chini ya turubai. Wasalimie wote hapo nyumbani, pamoja na fundi wa paa, kama mnafahamiana.

Mpwa wako mtiifu,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Yule kinyozi niliyempangisha kona ya nyuma naye ameniandikia barua, eti maji yanawamwagikia wateja wake na mkataba wangu unamwonea. Tena ameweka ndoo bila idhini. Nimempa siku tatu ahame. Akija kwako kulalamika, tafadhali Mjomba, mwambie mkataba ni mkataba.