Spana Namba Kumi na Tatu

Buyenzi nzima fundi alikuwa mmoja tu, Hamimu. Habari hiyo tuliipata kwa Hamimu mwenyewe, asubuhi na jioni. Wala tusimcheke sana, maana nani kati yetu pale mtaani hajawahi kuringia kitu cha kuazima?

Fundi huyu alikuwa na nusu ya spana. Baba yao alipofariki, yeye na mdogo wake Rachidi waligawana sanduku la marehemu. Hamimu akachukua namba za shufwa: nane, kumi, kumi na mbili. Rachidi akachukua za witiri: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. Kila mmoja akaona kapunjwa, wakaacha kusemeshana. Mwaka wa tatu huo! Gereji zao zilitengwa na ukuta mmoja, na gari halina huruma, linataka nati za namba zote. Basi dada yao Assia ndiye aliyezunguka ule ukuta na spana mkononi, kutwa mara ishirini.

Sasa Assia anaolewa. Mume wake, Anouar, anakaa Kinindo, kwenye majumba yenye bustani, ambako hata mbwa hupanda gari.

"Dada yangu afike Kinindo kwa miguu, na mi niko hai? Apana," Hamimu alitangaza. "Nitamupeleka na gari yangu."

Gari lenyewe hakuwa nalo. Alikuwa na bodi ya Peugeot, na ndani ya bodi kuku wanataga. Ilikuwa miaka ya embargo, vita viko milimani, spea hata moja haiingii nchini. Lakini uani kwake kulijaa magari ya wateja yakisubiri hizo spea. Akaazima radiateri hapa, taa pale, magurudumu kule, akijiambia atarudisha Jumatatu. Siku ya harusi Peugeot ilisimama inang'aa, maua hadi kwenye bampa, na Hamimu akapiga honi mpaka masikio yakatuuma.

Kosa lake lilikuwa moja. Aliwaalika wateja wote waje waione.

Nikah ilipita salama. Alasiri, wakati wa kumsindikiza bibi harusi, Mama Adélaïde, muuza ndagala kutoka Uvira, aliinama kunusa maua.

"Fundi, hii radiateri iko yangu. Hili kovu lake mi nalijua."

"Inafanana tu, mama."

"Na taa zinafanana na zangu," akasema mzee Népomuscène, karani wa kule Rohero, huku akivua koti.

Ikawa kila mtu na chake. Nati za witiri zilipogoma, Rachidi alipitisha spana zake juu ya ukuta, kwa ukarimu ambao hatukuwahi kuuona. Halafu akaingia mwenyewe kuchukua batri, kwa sababu ilikuwa yake. Baada ya nusu saa Peugeot ilikuwa imekaa chini, imebaki na maua na bibi harusi.

Hamimu aliona aibu, akajifanya anapanga maua. Wanawake wakamshika Assia mkono wamteremshe, akakataa.

"Baba aliacha neno gani? Kwamba mutanipeleka nyinyi wawili. Bila nyinyi wawili mi sitoki hapa. Acha couvre-feu ya usiku ifunge barabara, inikute kwenye hiki kiti, na Anouar alale na ndoa yake peke yake."

Basi wakatoka naye wote wawili, kwa miguu. Lakini Hamimu ni Hamimu. Aling'oa honi, kitu pekee ambacho hakuna aliyekidai, akaiunga kwa nyaya na batri ambayo Rachidi hakutaka kuiacha nyuma, akaibeba kichwani. Nyaya zenyewe hazikuzidi urefu wa mkono. Ndugu wasiosemeshana wakavuka mji bega kwa bega, Assia mbele yao, sisi nyuma tukipiga vigelegele. Kwenye kizuizi askari waliitazama ile batri, wakatupisha bila kuuliza karatasi.

"Assia, mwambie kaka yako apunguze mwendo. Shingo yangu inaingia kifuani."

"Assia, mwambie mdogo wako angekula asubuhi."

Kinindo, Anouar alitoka getini akitabasamu. Honi ikalia tena, tabasamu likamwisha.

"Shemeji," alisema polepole, "hiyo honi iko ya kamyoneti yangu. Uliniambia iliibiwa na watu ya kizuizini."

Rachidi alicheka mpaka ikabidi tumtue batri.

Jumatatu Hamimu alikuwa chini ya kamyoneti ya shemeji yake, pikapu iliyoletwa gerejini kwake, akirudisha honi. Ilishikwa na nati moja tu, namba kumi na tatu.

"Assia!" aliita kwa mazoea.

Assia alikuwa Kinindo. Hamimu alilala palepale mgongoni, oili ikimdondokea shavuni, na kwa mara ya kwanza tangu harusi kuondoka kwa dada yake kukamuuma moyoni. Akaugeukia ukuta. Mwishowe akakohoa.

"Rachidi."

Upande wa pili nyundo ikanyamaza.

"Sema," Rachidi akajibu. "Namba ngapi, fundi wa Buyenzi nzima?"