Ukuta wa Mbele Niachieni Mimi

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Naandika haya nimejifungia stoo ya duka, nimekalia ndoo ya rangi. (Rangi yenyewe ndiyo hiyohiyo. Mtaelewa.) Mke wangu amegonga mlango mara mbili kuuliza kama nitakula. Nimemjibu nimefunga. Akanikumbusha kwamba leo Jumamosi, na sijawahi kufunga Jumamosi maisha yangu yote.

Wengi wenu mnanijua. Nassoro, wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Bagamoyo mjini. Usiponijua kwa sura utanijua kwa sauti, maana kwenye vikao mimi huwa simalizi kusema. Kwa sababu hiyohiyo wakanichagua katibu wa kikundi chetu cha wazazi na wakazi tunaotaka kuisaidia shule ya msingi niliyosoma. Shule siitaji jina, imeshapata taabu ya kutosha leo.

Mwenyekiti wetu ni Bi Mwajuma, mama mmoja mjane, mkulima wa mwani kule Mlingotini. Huyu mama ana jambo lake. Kila jioni huwakusanya watoto ambao wamefika darasa la tatu na la nne na kusoma hawajui, akawafundisha kwenye baraza la nyumba yake, juu ya mkeka. Mvua ikinyesha, darasa limekwisha. Akaomba wapewe chumba kimoja shuleni baada ya masomo. Mwalimu mkuu akasema hana neno, ila chumba cha serikali hakitolewi kwa mdomo, mpaka afisa elimu wa wilaya asaini makubaliano na kikundi.

Bi Mwajuma ameifuata saini hiyo mwaka mzima. Buibui lilelile, bahasha ileile kwapani. Leo afisa yuko safarini, kesho yuko kikaoni, kesho kutwa barua haionekani. Hatimaye wiki hii afisa akasema atakuja mwenyewe Jumamosi, aione shule, na akiridhika asaini papo hapo. Alitoa sharti moja tu. Kikundi kikae kwanza na walimu, kisikilize shule inahitaji nini, na muhtasari wa kikao uambatanishwe.

Kikao kikapangwa Alhamisi saa tano asubuhi. Siku hiyo maji yalikuwa ya bamvua, bahari imetoka mbali, akina mama wa mwani wote wako mashambani mwao. Bi Mwajuma akanipigia simu. Akaniambia niende mimi, nikawasikilize walimu. Alilirudia neno hilo la kusikiliza mara tatu, nadhani ananifahamu.

Sikwenda.

Nilimwambia baadaye kwamba kikao kimekwenda vizuri. (Ukweli ni kwamba saa tano ile nilikuwa kijiweni, nina kikombe cha kahawa mkononi, nabishana mpira.) Nilijiambia, kusikiliza nini? Shule ile kila mwenye macho anaona inahitaji rangi. Na mimi nauza rangi. Mungu akupe nini tena?

Akaniomba muhtasari. Nikauandika usiku wa Alhamisi, peke yangu, na niseme kweli, sijawahi kuandika muhtasari mzuri kama ule. Una ufunguzi, una dua, una yatokanayo, una mengineyo. Wajumbe wanachangia kwa zamu, kwa adabu, hakuna anayemkatiza mwenzake. Nikamtia na Mwalimu Kibwana ndani. Mwalimu Kibwana ndiye aliyenifundisha hesabu mimi, bado yupo, yuko karibu kustaafu, anafundisha darasa la saba. Nikaandika kwamba Mwalimu Kibwana alisimama, akakishukuru kikundi, na akasema hana pingamizi lolote kuhusu rangi.

Basi. Leo saa kumi na mbili asubuhi niko shuleni na ndoo zangu na mafundi wawili. Bi Mwajuma alikuwa amepewa funguo jana, yupo uwanjani na wenzake wanafagia. Nikawagawia mafundi kazi: wewe kuta za nje, wewe madirisha. Kisha tukaingia kwenye chumba chenyewe kinachoombwa, ambacho asubuhi ni darasa la saba. Nikatazama pale picha itakapopigwa wakati wa kusaini, nikakunja mikono ya shati.

"Ukuta wa mbele niachieni mimi," nikasema.

Ukuta wenyewe ulikuwa unatia huruma. Katikati una weusi uliofifia umekuwa kijivu, kama moshi wa miaka. Na juu ya ule weusi kumejaa maandishi ya chaki. Pembetatu, mishale, hesabu za sehemu, tena zimepangwa safu kwa safu kutoka upande huu hadi upande ule. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Nikatikisa kichwa. Watoto wa siku hizi hawana adabu, wanaandika mpaka ukutani!

(Najua. Najua. Nisubirini.)

Mjue kwamba sisi tulisoma kwenye majengo ya zamani, na ubao wetu ulikuwa wa mbao, una miguu, unahamishwa. Hili jengo lilijengwa sisi tumeshaondoka. Nikaangaza huku na huku, sikuona ubao. Nikajua walimu wameuweka stoo usichafuke na rangi. Nikawasifu moyoni kwa uangalifu wao.

Nikapaka. Rangi ya mafuta, krimu, ile ninayowauzia wenye nyumba za ghorofa. Mkono wa kwanza. Nikanywa chai. Mkono wa pili. Ukuta ukang'aa mpaka nikajiona sura. Bi Mwajuma akachungulia dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama walimu waliridhia ukuta wote upakwe, wote kabisa. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, imo kwenye muhtasari.

Saa tisa alasiri afisa elimu akafika. Mama mmoja mtulivu, ana miwani na faili, haongei sana. Nilikuwa nimeshavaa kanzu na koti. Mwalimu mkuu akamtembeza nje, wakasifu kuta, wakasifu uwanja, kisha wakaingia darasani tulipokuwa tumejipanga kama watu wa harusi. Meza ina kitambaa, kitambaa kina maua, na juu yake pamewekwa makubaliano, nakala mbili.

Mwalimu mkuu alipoinua macho akaona ukuta wa mbele, alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Nikadhani ameguswa.

Afisa akazunguka taratibu. Akagusa dirisha. Akasema kazi ni nzuri, na kikundi kinachojitolea hivi ni cha kushikwa mkono. Bi Mwajuma akawa anatabasamu mwenyewe, bahasha yake ameikumbatia kwa mikono miwili. Nikajua saini imepatikana. Nikaanza kupanga kichwani maneno ya shukrani, na mnajua maneno yangu.

"Na ubao uko wapi?" afisa akauliza.

Nikawahi kujibu mimi, kabla ya mwenye shule yake. Nikasema utakuwa stoo, mama, tumewaachia walimu wataupanga wenyewe kwa nafasi yao.

Mlangoni kulikuwa na mtu amesimama. Mwalimu Kibwana. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia nyuma yangu.

"Umeupa mgongo, Nassoro," akasema.

Nikageuka. Ukuta. Nikarudi kumtazama mwalimu. Nikageuka tena. Halafu ikanijia polepole, kuanzia miguuni. Ule weusi. Zile safu. Ule upana. Ubao wa shule ile umepigwa plasta ukutani, ukapakwa rangi nyeusi, na mimi nimeupaka krimu mikono miwili.

Mwalimu Kibwana akaingia akasimama mbele yangu. Ana urefu uleule. Akaniuliza kama sikuliona neno usifute.

"Nililiona, mwalimu."

"Ukafanyaje?"

"Nikapaka."

(Sikufuta, kama mnavyoona. Lakini nilihisi huo haukuwa wakati wa kujitetea.)

Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba yale yalikuwa mazoezi ya marudio ya darasa la saba. Aliyaandika jana jioni, wanafunzi wamekwisha kwenda, ili Jumatatu asubuhi wayakute tayari, kwa sababu vitabu havitoshi. Afisa akachukua kipande cha chaki mezani. Akanipa mimi. Akasema hebu niandike jina la kikundi chetu hapo ukutani, tuone kama pana matumaini.

Nikaandika. Chaki ikateleza. Nikakaza mkono, ikachimba mfereji kwenye rangi mbichi, ikakatika. Ile herufi ya kwanza bado iko pale mpaka saa hii, nusu yake.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Afisa akafungua faili. Akatoa muhtasari wangu. Akausoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na sauti yake ilikuwa nzuri, kila nukta anaipumzikia. Alipofika kwenye mchango wa Mwalimu Kibwana akasoma mara mbili.

"Mimi nilisema hivyo?" mwalimu akauliza.

Mwalimu mkuu akajibu kwa upole kwamba Alhamisi walimu walikaa tangu saa tano mpaka saa saba, wakaondoka, maana hakutokea mtu. Alidhani kikao kimeahirishwa.

Nilitamani mtu akohoe. Bi Mwajuma hakukohoa. Alisogea mpaka karibu yangu, akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mwanawe.

"Alhamisi ulikwenda, Nassoro?"

"Sikwenda, mama."

Jamani, bora angenipiga. Aliniangalia tu. Mwaka mzima wa njia ya halmashauri niliuona wote kwenye macho yale. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Afisa akafunga faili. Akaanza kusema kwamba ofisi yake haiwezi kukikabidhi darasa kikundi kisichosikiliza walimu, na kinachoandika vikao visivyokaliwa. Alikuwa na haki. Hapo Bi Mwajuma akamwomba radhi, akamwambia mimi ni mtu wao na kosa ni lao, na kwamba yeye hamkatazi kukasirika.

"Lakini wale watoto hawakupaka rangi," akasema.

Afisa akavuta dawati, akakaa. Akasema basi kikao cha Alhamisi kikaliwe sasa hivi, na kikundi kisikilize.

Tukakaa, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Walimu wakasema shida zao. Kabati la vitabu halina kufuli. Madawati sita yamelegea miguu. Na watoto wasiojua kusoma ni wengi kuliko mikono ya walimu, kwa hiyo darasa la jioni la Bi Mwajuma walikuwa wanalisubiri kuliko yeye mwenyewe. Rangi haikutajwa. Sikuambiwa nisiseme, lakini kila nilipovuta pumzi Mwalimu Kibwana alikuwa ananiangalia.

Afisa akasaini! Nakala zote mbili. Ila kabla ya kusaini alichukua kalamu akaongeza maneno kwa mkono. Kwamba chumba kitaanza kutumika siku ile ubao utakaporudi na Mwalimu Kibwana akauandikia na kuridhika. Na kwamba mtu wa kuwasiliana na walimu kwa niaba ya kikundi ni mwenyekiti, si katibu. Bi Mwajuma akaweka dole gumba na saini juu, asije mtu akabadilisha mawazo.

Mimi nikajikunja nitoke polepole. Mwalimu Kibwana akanishika bega mlangoni. Akanipa daftari lake. Akasema Jumatatu ni keshokutwa, kwa hiyo nikishaukwangua ubao na kuupaka nyeusi, yale mazoezi niyaandike mimi mwenyewe kama yalivyokuwa, na pembeni niyafanye yote, aone kama bado nakumbuka alichonifundisha.

Nimelifungua daftari hapa stoo. Swali la kwanza tu limenishinda.

Kesho baada ya swala ya alfajiri niko shuleni nakwangua. Anayetaka kucheka simkatazi, aje acheke palepale, ila aje na msasa wake.